Ambulensi za Garissa Zipewe Daktari Kwenye Simu

Uchambuzi wa vifo vya uzazi uliotokana na sensa ya 2019 uliiweka Garissa mahali pabaya kuliko kaunti zote 47 za Kenya. Kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 641 walifariki kwa sababu za mimba na uzazi. Nyeri walifariki 67. Wastani wa nchi nzima ulikuwa 355.

Sababu ni nyingi: umaskini, ukosefu wa wakunga, ndoa za mapema, ukeketaji, zahanati zisizo na dawa. Leo tunazungumzia moja tu, kwa sababu inaweza kurekebishwa upesi na kwa gharama ndogo. Ni zile saa ambazo mgonjwa mahututi hukaa njiani bila daktari yeyote kumwona, kumsikia wala kuulizwa habari zake.

Garissa ina takriban kilomita za mraba 44,000, eneo linaloizidi Rwanda nzima. Sensa hiyo ilihesabu humo watu 841,353, waliotawanyika Balambala, Lagdera, Dadaab, Fafi, Ijara na Hulugho, wengi wao wafugaji wanaofuata malisho. Hospitali ya rufaa ni moja, nayo iko mjini. Haihudumii Garissa pekee, kwani Wajir, Mandera na Tana River nazo huleta wagonjwa wao hapo, na wapo wanaovuka mpaka kutoka Somalia. Anayeshindikana Garissa husafirishwa tena kilomita 370 hivi hadi Nairobi. Kwa aliyeanzia Mandera, safari yote inapita kilomita 1,000.

Tazama basi ndani ya ambulensi inayotoka kituo cha mbali. Kuna dereva. Kuna muuguzi mmoja, pengine afisa wa kliniki. Kuna dripu, mtungi wa oksijeni, na jamaa wawili watatu waliojibana kando ya machela. Mama aliyejifungua zahanati anavuja damu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu igande, itolewe ndani ya saa tatu tangu mama ajifungue. Muda huo ukipita haina faida tena. Kama safari ni ya saa tano, dawa hiyo itatolewa njiani au haitatolewa kabisa. Muuguzi alifundishwa habari zake chuoni na huenda hajawahi kuitumia. Anahofia kukosea. Akikosea, jina lake ndilo litakaloandikwa kwenye faili. Kwa hiyo anamwambia dereva aongeze mwendo, na hilo ndilo tegemeo lake lote.

Muuguzi huyo anahitaji mtu wa kumuuliza. Tunaitaka serikali ya kaunti ya Garissa iteue daktari wa zamu, usiku na mchana, siku zote za mwaka, ambaye kazi yake katika zamu hiyo ni moja: kupokea simu za ambulensi na za vyumba vya kujifungulia vilivyo mbali. Pawe na nambari moja isiyobadilika, isiyomtoza anayepiga. Mazungumzo yarekodiwe na maagizo yaandikwe kitabuni, ili muuguzi aliyefuata maagizo ya daktari asibebeshwe lawama peke yake. Na daktari huyo awe na mamlaka ya kuamsha chumba cha upasuaji na kuagiza damu iandaliwe kabla gari halijaingia mjini.

Hiyo ndiyo tibamtandao, yaani tiba ya mbali kwa simu au mtandao, tunayoizungumzia. Viongozi wakitajiwa neno hilo huanza kufikiria skrini ukutani, kamera za bei mbaya, mkandarasi na utepe wa kukatwa. Nchi hii imeshaonja mipango ya namna hiyo. Mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali ulioanza mwaka 2015 ulifikisha mashine za kisasa katika kaunti zote, na baadaye Seneti ikaambiwa kwamba nyingine zimekaa bila kutumika kwa kukosa umeme, maji au wataalamu wa kuziendesha. Tibamtandao ya dharura ikianzia kwenye mashine itaishia hapo hapo. Ianzie kwenye orodha ya zamu iliyobandikwa mlangoni, yenye jina la daktari na sahihi yake.

Wala jambo hili si geni kwetu. Shirika la madaktari wa ndege la Amref lilipoasisiwa mwaka 1957 na madaktari wa upasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, ndege ndiyo iliyopata sifa. Lakini miaka ya 1960 shirika hilo lilijenga pia mtandao wa redio uliounganisha hospitali za misheni na vituo vya mbali na Nairobi. Kupitia redio hizo muuguzi aliyekuwa nyikani aliweza kueleza hali ya mgonjwa, akapewa ushauri, au akaambiwa ndege inakuja. Kama redio ya miaka hiyo, yenye sauti ya kukwaruza, iliweza kufanya kazi hiyo, simu iliyo mfukoni mwa kila muuguzi wa leo inaweza zaidi.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka ng'ambo ya mpaka, Guriceel, katikati ya Somalia. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikuwa na hospitali huko, ila vita viliwazuia mabingwa wake kwenda. Likaanzisha utaratibu wa wahudumu wa Guriceel kuzungumza kwa sauti na picha na daktari bingwa wa watoto aliyeketi Nairobi. Mwaka 2011 hospitali ililaza watoto 3,920, na 346 kati yao walijadiliwa kwa njia hiyo. Katika watoto 222, daktari wa Nairobi alibadilisha matibabu kwa kiasi kikubwa. Katika 88, aligundua hatari ya kifo ambayo ilikuwa imepita bila kuonekana. Matokeo mabaya kwa watoto waliolazwa yalishuka kutoka asilimia 7.6 mwaka 2010 hadi 5.4 mwaka 2011.

Kulinganisha mwaka na mwaka hakuthibitishi kila kitu, maana mambo mengine pia hubadilika. Hata hivyo hatuwezi kuwapita wale 88. Ni watoto waliokuwa tayari hospitalini, mbele ya wahudumu wenye bidii, na bado hatari yao haikuonekana mpaka jicho la pili lilipotazama. Wahudumu wale pia waliendelea kuwa hodari kadiri walivyoshauriana, na haja ya kubadilisha matibabu waliyoanzisha ikapungua. Wahudumu wote saba walioulizwa maoni walisema utaratibu huo una manufaa makubwa. Kumbuka kwamba hapo ni Somalia, mahali ambapo hali ya usalama ilikuwa mbaya kuliko ya Garissa, na mtaalamu aliyekuwa akisaidia alikuwa katika mji mkuu wetu. Nairobi iliwafikia watoto wa Guriceel. Inashindwaje kuwafikia wa Hulugho?

Upande wa ambulensi zenyewe, Ujerumani imetangulia. Katika mji wa Aachen, tangu 2014, daktari wa dharura huketi katika kituo cha kuongoza ambulensi, akiona mapigo ya moyo na presha ya mgonjwa yanavyotumwa kutoka garini, akiwasikia wahudumu na kuwaidhinishia dawa. Waliamua hivyo kwa sababu hata nchi tajiri kama ile haina madaktari wa kutosha kumweka mmoja katika kila gari. Daktari mmoja kituoni anaweza kusaidia magari kadhaa kwa zamu moja. Hesabu hiyo inatufaa sisi kuliko wao.

Na jirani zetu Tanzania wametuonyesha namna ya kupanga simu na usafiri kwa fedha kidogo. Mpango wa M-mama ulioanzia Sengerema na Shinyanga, na ambao mwaka 2022 serikali iliamua kuueneza nchi nzima, una nambari ya bure, 115. Anayepokea huuliza maswali yaliyopangwa, huamua uzito wa dharura na kituo kinachofaa, kisha hutuma ambulensi. Ikiwa hakuna ambulensi karibu, humpigia dereva wa kijijini aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu mara tu safari inapokamilika. Garissa ina magari mengi ya aina ya Probox na Land Cruiser yanayojua njia za vichakani kuliko dereva yeyote wa serikali. Madereva hao wasajiliwe. Daktari wa zamu akiwa kwenye laini, hata safari ya Probox inakuwa na mwelekezi.

Faida moja haitajwi sana na watu wa teknolojia, lakini kila muuguzi wa Kaskazini Mashariki anaijua. Mama akihitaji kupasuliwa, saa nyingi hupotea baada ya kufika hospitalini, familia ikijadiliana. Mume yuko mbali na mifugo. Mama mkwe anaogopa. Wazee wanataka kuelezwa kwanza. Daktari wa zamu anayezungumza Kisomali anaweza kuanza mazungumzo hayo gari likiwa bado njiani: kumweleza mume kwa heshima kinachoendelea, kujibu hofu za mama mkwe, kuomba ridhaa mapema. Kwa hiyo, katika kuwachagua madaktari wa zamu, lugha ihesabiwe kuwa sifa ya kazi. Asiyejua Kisomali awe na mkalimani aliyefunzwa, mwenye kiapo cha kutunza siri, asimtegemee dereva.

Simu hiyo haitawafaa akina mama pekee. Kuna pia majeruhi wa barabara kuu ya Garissa. Kuna mchungaji aliyeumwa na nyoka, ambaye kabla ya lolote anahitaji mtu wa kuwaambia jamaa zake wasimchanje wala kumfunga kamba, wamtulize mguu, na waangalie kama anaishiwa pumzi au anatoka damu kwenye fizi, maana sumu za nyoka hazifanani, na matayarisho ya kila moja hospitalini hayafanani. Ushauri wa dakika mbili unaweza pia kuzuia safari ya bure, kwa kuwa hakuna maana ya kumpeleka aliyeumwa kwenye kituo kisicho na dawa ya sumu wakati daktari anajua iko wapi.

Pingamizi kubwa ni mtandao, na ni pingamizi la haki. Sehemu kubwa ya kaunti haina mawimbi ya kutosha hata kwa simu ya kawaida. Palipo na mlingoti, magaidi wa Al-Shabaab wameulenga mara kwa mara. Mwezi Januari 2020 waliposhambulia Kamuthe na kuwaua walimu watatu, waliharibu mlingoti wa mawasiliano pia. Wanajua wanachofanya: mlingoti ukianguka, hakuna wa kupiga simu polisi, na hakuna wa kupiga simu hospitalini.

Ndiyo maana tunasisitiza sauti kwanza, picha baadaye. Kila ambulensi iwe na simu ya kawaida yenye laini mbili za kampuni tofauti. Zile zinazotumwa maeneo yasiyo na mawimbi ziwe na redio ya masafa marefu au simu ya setilaiti. Vituo vya afya vinaweza kuunganishwa kwa intaneti ya setilaiti, ambayo tangu Starlink iingie Kenya mwaka 2023 imeacha kuwa anasa ya mashirika makubwa pekee, pamoja na sola ya kuiendesha. Fedha za Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa ajili ya maeneo yaliyosahauliwa na kampuni za simu, zielekezwe kwanza kwenye njia ambazo ambulensi hupita. Video itafuata pale inapowezekana. Muuguzi anayesoma presha, mapigo na kiasi cha damu kwa sauti ameshampa daktari karibu yote anayohitaji ili kuamua.

Usalama wenyewe unaongeza haja hii. Aprili 2019 madaktari wawili wa Kuba walitekwa mjini Mandera wakielekea kazini, na wenzao waliokuwa kaunti za mpakani wakaondolewa. Mwaka 2023 serikali ikatangaza kutoendelea na mkataba wa madaktari wa Kuba. Tangu wakati huo kila mtu anajua kwamba bingwa wa upasuaji au wa watoto hatahamia El Wak au Liboi kesho. Sauti yake inaweza kufika leo.

Mafuriko nayo yametufunza. Mvua za El Niño za Novemba 2023 zilikata barabara kati ya Garissa na Madogo, na Aprili 2024 boti iliyobeba abiria ilizama eneo la Kona Punda watu wakijaribu kuvuka maji ya mafuriko mengine, wengine wakapoteza maisha. Mto Tana ukifurika namna hiyo, Garissa hukatwa na Nairobi, na rufaa ya kilomita 370 hubaki ya karatasi. Madaktari wa Garissa wenyewe wakati huo wanamhitaji bingwa wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta kwenye laini. Vivyo hivyo siku ya mashambulizi: tarehe 2 Aprili 2015, magaidi walipowaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, hospitali ya mjini ndiyo iliyopokea majeruhi, na waliozidiwa wakasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi. Kuamua nani apande ndege kwanza ni kazi ya kitabibu, na siku kama ile daktari wa Garissa asiachwe kuifanya peke yake.

Wapo watakaosema kwamba tibamtandao itawapa wanasiasa kisingizio cha kutoajiri madaktari na kutotengeneza barabara. Tunaichukulia hoja hiyo kwa uzito, kwa sababu imewahi kutokea. Simu haipasui tumbo wala haiongezi damu mwilini. Tunataka chumba cha upasuaji kinachofanya kazi katika kila kaunti ndogo, na tutaendelea kudai hivyo. Lakini mama wa Hulugho atakayejifungua wiki ijayo hawezi kungoja lami. Daktari wa simu atakuwa pia na rekodi ya kila usiku: nani alikwama wapi, dawa gani ilikosekana, gari gani liliharibika. Rekodi hiyo itakuwa vigumu zaidi kuikana kuliko malalamiko ya baraza.

Sheria haina upungufu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza kwamba haki hiyo inajumuisha huduma kabla ya kufika hospitalini na kumtuliza mgonjwa kabla ya kumhamisha, na inatambua huduma za afya kwa njia ya mtandao. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imeongeza kanuni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda siri za mgonjwa, na ifuatwe: picha za majeraha zisizagae kwenye makundi ya WhatsApp kama inavyotokea sasa wahudumu wanapojisaidia wenyewe. Jedwali la Nne la Katiba linaitaja huduma ya ambulensi kuwa jukumu la kaunti. Fedha nazo zina mlango, kwani Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda Mfuko wa Dharura na Magonjwa Sugu na Mahututi. Mamlaka ya Afya ya Jamii iweke ushauri wa daktari kwa simu kwenye orodha ya huduma zinazolipiwa. Mfuko unaolipia gari na kukataa kumlipia daktari anayeliongoza gari hilo unafanya nusu ya kazi.

Gharama inaweza kugawanywa. Baraza la Maendeleo la Kaunti za Mpakani linaziweka pamoja Garissa, Wajir, Mandera, Tana River, Lamu, Isiolo, Marsabit na nyinginezo. Madaktari wa zamu wa kaunti tatu za Kaskazini Mashariki wakiunganishwa katika orodha moja, hakuna kaunti itakayoelemewa na hakuna usiku utakaokosa mtu. Kituo kiwe Garissa, kwa kuwa wagonjwa tayari huletwa hapo.

Gavana Nathif Jama anaweza kuanza na ambulensi zilizopo na madaktari waliopo, bila kungoja mfadhili. Waziri wa Afya Aden Duale, aliyeshika wizara hiyo mwaka 2025, aliwakilisha Garissa Mjini bungeni kwa miaka mingi na anaijua barabara ya Modogashe bila kuonyeshwa ramani. Aiagize Hospitali ya Kenyatta itoe bingwa wa uzazi, wa watoto na wa majeruhi wa kupokea simu za Garissa kila usiku, kwa maandishi na kwa majina.

Kwa wasomaji wetu wa Garissa: bajeti ya kaunti hupitia vikao vya maoni ya wananchi kabla ya kupitishwa kila mwaka. Nendeni. Mwulizeni mwakilishi wa wadi yenu, na msikubali jibu la jumla: usiku wa leo, muuguzi aliye ndani ya ambulensi ya Hulugho akipiga simu, ni daktari gani ana zamu ya kuipokea?